Chungu Kisichoonjwa

Shangazi Robiah alikula kama hakimu. Hakuongea, hakutabasamu, wala hakumwangalia aliyempikia. Alichota kijiko kimoja, akakizungusha mdomoni, akafumba macho, na mwenye mgahawa, hata awe nani, alijikuta ameshika kiuno akingoja hukumu.

Hili lilikuwa bakuli la tatu tangu asubuhi. Jarmi, aliyekaa mbele yake, alikuwa ameshiba hofu kabla hata ya kushika kijiko. Alimtazama mama yule mnene mwenye mtandio wa kijani, akamtazama Imron aliyeketi kando yake, na Imron akamkonyeza. Jarmi akainamisha uso haraka. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, muuguzi anayeshona vidonda bila kupepesa, lakini kijana huyu akimkonyeza mbele ya watu bado masikio yalipata moto.

"Supu hii," Shangazi Robiah akasema hatimaye, "kuku wake alikuwa kuku kweli. Mayai yamechemshwa vizuri. Lakini tangawizi wameiweka kwa uchoyo."

"Shangazi," Imron akacheka, "wewe umeshawahi kumsifia mtu supu yake moja kwa moja?"

"Nilimsifia mama yangu."

"Alifurahi?"

"Sijui. Nilimsifia baada ya kumzika."

Hata mwenye mgahawa akacheka. Jarmi alicheka pia, lakini chini ya meza vidole vyake vilikuwa vikisokota ncha ya sketi. Bado nyumba moja. Baada ya hapa ni kwa Mbah Paikem, bibi yake.

Ilikuwa Jumapili, na Jumapili nusu ya Paramaribo huvuka daraja kuja Tamanredjo kula. Magari yalijipanga kando ya barabara, kila nyumba imetoa meza na viti nje, na moshi wa kuku wa kuchoma umetanda mpaka juu ya nyaya za umeme. Watu walikula mihogo ya kukaanga kwa samaki mkavu, mboga za kuchemsha zilizomwagiwa mchuzi wa karanga, wakashushia kwa tui tamu la rangi ya waridi lenye barafu. Hakuna aliyeulizwa ametoka nyumba gani. Na hapo ndipo Imron alipopata ujanja wake.

Maana Shangazi Robiah alikuwa wa nyumba ya mashariki, na Jarmi alikuwa wa nyumba ya magharibi. Wazee wao waliletwa kwa meli kutoka Java kuja kukata miwa Suriname, na walikuja na kibla chao cha magharibi, kwa kuwa huko kwao Makka iko magharibi. Huku iko mashariki. Wengine waligeuka. Wengine wakasema babu aliswali hivi, nasi tutaswali hivi, Mungu yuko pande zote. Wa magharibi wakabaki na hitima zao za siku ya saba, ya arobaini na ya elfu, na sahani za marehemu. Wa mashariki wakayaacha yote hayo. Tangu hapo nyumba hizi mbili husalimiana vizuri sana barabarani, lakini kuoana ni habari nyingine.

Imron alifiwa na baba akiwa na miaka sita. Shangazi Robiah, mpishi wa harusi ambaye mjini watu humwekea nafasi mwaka mzima kabla, ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi umeme, na neno lake ndilo la mwisho. Na neno lake lilikuwa: "Sivuki daraja kwenda kuposa kwa watu wa magharibi."

"Basi tuvuke tukale tu," Imron alimwambia.

"Kula nitakula," Shangazi alijibu. "Supu haina kibla."

Ndivyo walivyofika hapa. Lakini siku ya Alhamisi Jarmi alimwambia Imron maneno mengine, kwenye ngazi za hospitali, bila kumtazama usoni: "Shangazi yako akitoka Jumapili bila kukubali, tunaachana. Nimechoka kupendwa kwa kujificha." Imron alidhani anatania. Kisha akamwona anapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

*

Mpango ulikuwa mzuri sana, na kama ilivyo kawaida ya mipango ya wapendanao, ulisahau jambo moja tu.

Siku hiyohiyo alasiri Mbah Paikem alikuwa na hitima ya siku ya elfu ya marehemu mumewe, mzee Sarpin. Jarmi aliona hilo ni jema. Wageni wangekaribishwa mbele, wangekunywa kitu baridi, Mbah angekuja kuwasalimu dakika kumi, Shangazi angeona nyumba safi yenye watu wa heshima, kisha wangeondoka kabla ya dua. Hakuna ambaye angelazimika kuketi asipotaka kuketi. Alichosahau ni kwamba Shangazi Robiah ni mpishi, na mpishi haingii nyumba ya watu kwa mlango wa mbele.

Imron alikuwa bado anahangaika kupata nafasi ya kuegesha gari. Jarmi alikimbilia ndani kutoa glasi. Shangazi alibaki peke yake uani kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, na pua yake ikamvuta. Alizunguka nyumba, akakuta jiko la nyuma, kuni zinawaka, wanawake watatu wanafunga wali katika majani ya mgomba, na juu ya mafiga chungu kikubwa cha udongo kimefunikwa. Akawaitikia salamu. Akafunua mfuniko. Ndani alilala jogoo mzima, amefungwa mbawa na miguu kama aliyesujudu, tui likimchemkia polepole.

"Mashallah," akasema. Akachukua upawa, akadondoshea mchuzi kiganjani, akaulamba. "Chumvi imepungua."

Jarmi alitokea mlangoni na trei ya glasi wakati huohuo. Aliona kiganja, aliona ulimi, akaona sura za wale wanawake watatu. Mmoja wao, Wagirah, jirani yao, kisu kilimtoka mkononi.

"Amekionja," Wagirah akanong'ona. "Jamani, amekionja."

Chakula cha hitima hakionjwi. Mpishi hutia chumvi kwa macho na imani, na hakuna mdomo unaokigusa mpaka dua imesomwa na marehemu amepewa chake. Mtoto wa nyumba ya magharibi hulijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kikishaonjwa si cha marehemu tena, ni mabaki.

Mbah Paikem alikuja kutoka kisimani akiwa amekunja kanga mpaka magotini. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na watu wazima walimwogopa.

"Nani amefungua chungu cha mume wangu?"

"Ni mimi, mama," Shangazi Robiah akasema. Alikuwa bado hajaelewa. "Naitwa Robiah. Nimeonja kidogo tu. Kinanukia vizuri sana, ila chumvi..."

"Umeonja."

"Kidogo tu."

"Siku elfu moja," Mbah akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siku elfu moja nimengoja kumpikia chakula chake cha mwisho. Jogoo huyu nimemlea tangu kifaranga. Kwenu hamjui kuwa chakula cha marehemu hakionjwi?"

"Kwetu hatumpikii marehemu chakula," Shangazi akajibu. Pengine hakukusudia ubaya. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilitua jikoni pale kwa uzito wake wote.

Imron alifika akipunga funguo, anatabasamu. Tabasamu likamfia usoni.

"Kimwageni," Mbah akawaambia wanawake. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Jarmi, wasindikize wageni wako barabarani. Mimi nina kazi."

*

Walisimama nyuma ya banda la kuku, mahali pekee ambapo hapakuwa na macho ya watu.

"Alikuwa hajui," Imron alisema. "Jarmi, nisikilize. Kuonja ndiyo kazi yake. Anaonja hata chai ya wagonjwa akienda kuwatazama hospitali."

"Najua hajui. Simlaumu."

"Basi tumwombe radhi Mbah. Mimi nitapiga magoti."

"Utapiga magoti, halafu?" Jarmi alifuta machozi kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefuta jasho. "Mas," akamwita, kama Wajava wanavyomwita kaka au mpenzi, "hukumsikia shangazi yako? Hatumpikii marehemu chakula. Hivyo ndivyo kwenu mnavyotuona. Na Mbah hukumwona alivyomtazama? Hawa hawatakaa mkeka mmoja hata tukizeeka mimi na wewe."

"Kwa hiyo tuoane wenyewe. Tuna kazi zetu. Tunakwenda kwa msajili siku ya Jumatatu..."

"Usithubutu." Alisema kwa ukali mpaka kuku wakashtuka bandani. "Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Mbah alikataa, mama akafunga sanduku, akamfuata mwanamume wake Uholanzi. Mimi nilikuwa na miaka sita, nilikuwa nimelala. Mwaka wa ishirini na tatu huu, na Mbah hajalitaja jina lake. Lakini kila Iddi anapakua sahani moja ya ziada, anaitazama, halafu anaimwaga. Mimi ndiye ninayeiosha sahani ile, Imron. Nyumba hii haiwezi kupakua mbili."

Imron alinyoosha mkono, akaushika wake, na Jarmi hakuutoa. Imron alikuwa na mikono migumu yenye makovu madogo ya nyaya, na ndiyo Jarmi aliyoipenda kwanza, miaka miwili iliyopita, alipopanda ngazi kurekebisha taa za wodi na kumwuliza kutoka juu, "Dada, mwanga unakutosha au nikuongezee?" Alikuwa mpumbavu tangu siku ya kwanza. Na Jarmi alimpenda sana, kwa kiasi kilichomuuma kifuani.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" Imron akauliza taratibu.

Jarmi alifungua mdomo kujibu. Ndipo wakasikia sauti ya Shangazi Robiah kutoka jikoni.

"Jogoo mwingine yupo?"

Wakatazamana. Wakaenda mbio.

Shangazi hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama palepale alipoachwa, ila sasa amevua bangili zake nne za dhahabu, ameziweka dirishani, na anakunja mikono ya gauni lake la kutokea.

"Yupo mmoja," Mbah alimjibu kwa ubaridi. "Nawe yanakuhusu nini?"

"Nimekiharibu chungu, mama. Miaka arobaini nimepika, sijawahi kuharibu chungu cha mtu nikaondoka zangu. Wageni wako wanakuja saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Sasa ni saa sita na nusu. Inatosha."

"Nina wapishi wangu."

"Unao, nimewaona. Wazuri. Lakini aliyeharibu ni mimi." Kisha Shangazi akafanya kitu ambacho Imron aliapa baadaye kuwa hajawahi kukiona maishani mwake. Aliinamisha kichwa. "Niruhusu, mama."

Mbah Paikem alimpima toka utosini mpaka kwenye viatu vya kung'aa.

"Hutaonja."

"Sitaonja."

"Unaweza?"

"Sijui," Shangazi akasema. "Sijawahi."

*

Jogoo aliyebaki hakuwa tayari kufa. Imron alimkimbiza kutoka bandani mpaka kwenye mihogo, kutoka kwenye mihogo mpaka kwenye kamba ya nguo, na mara mbili alimkosa akaangukia magoti. Wagirah na wenzake walishika mbavu.

"Fundi umeme! Mkatie moto huyo!"

"Mwiteni kwa jina, huenda akasimama!"

Alipomkamata hatimaye, amejaa manyoya kichwani na suruali yake nyeupe imekuwa ya kahawia, alimnyanyua juu kama kombe. Jarmi alicheka, na akiwa katikati ya kicheko akakumbuka kuwa dakika kumi zilizopita alikuwa anamwacha mtu huyu. Kicheko kikageuka kwikwi, akajifanya anakohoa.

Wakapewa kazi ya kukuna nazi. Mbuzi ilikuwa moja, kwa hiyo Imron alikuna na Jarmi akakamua, magoti yao yakigusana.

"Hukunijibu," Imron alisema bila kuinua macho.

"Kuna nazi."

"Nakuna. Nimeuliza ndiyo basi?"

"Nitakujibu jioni."

"Na mimi nife mpaka jioni?"

"Hufi. Unakuna vibaya, lakini hufi." Akamtoa unyoya mmoja nyweleni. Hakuutupa. Aliufumba mkononi pamoja na tui linalomtiririka, akaona haya, akaugeuza uso. Wagirah aliona yote, akarudi kufunga wali wake.

Lakini macho ya jiko zima yalikuwa kwa Shangazi Robiah.

Jarmi alikuwa amekulia kati ya wapishi na hakuwa amewahi kuona mpishi wa namna hii. Alitwanga viungo kwa mikono miwili bila kuvipima, akavikaanga mpaka mafuta yakajitenga, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukainuka wenyewe kuelekea mdomoni. Wanawake watatu wakashika pumzi. Shangazi akausimamisha mkono hewani, akautazama kwa hasira kama wa mtu mwingine. Kisha akachukua ncha ya mtandio wake wa kijani, akaipitisha mbele ya mdomo na kuifunga nyuma ya shingo kwa nguvu.

"Haya," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Tuendelee."

Akapika hivyo, mdomo umefungwa. Aliinamia chungu akakisikiliza, kwa sababu tui linalokaribia kukatika lina mlio wake. Alidondoshea mchuzi nyuma ya mkono akautazama rangi juani, kisha akaufuta kwa kitambaa. Chumvi aliishika kwenye ncha za vidole kwa muda mrefu sana. Jasho lilimtoka. Hofu ilionekana machoni mwake, hofu ya mtu anayetembea gizani kwenye nyumba anayoijua, na Jarmi akatambua kuwa mama huyu mkali anaogopa kumkosea mzee Sarpin, mtu asiyemjua, mtu wa magharibi, aliyekufa. Alijawa na heshima. Akawaza, nikipewa mkwe kama huyu, nitamwosha miguu.

Mbah Paikem alikuwa amevuta kigoda, amekaa mbele ya chungu, mikono magotini. Ilipita nusu saa hivi.

"Mchaichai umeufunga fundo," akasema ghafla.

"Mama yangu alifunga hivyo."

"Mama yako alitoka wapi?"

"Alizaliwa shamba la Mariënburg. Safu ya nyuma, karibu na mfereji."

Mbah akasogeza kuni moja ndani.

"Mimi safu ya mbele," akasema. "Kulikuwa na mwanamke pale mfereji akiuza kashata za ufuta."

Shangazi Robiah aligeuka polepole, macho peke yake yakionekana juu ya kitambaa.

"Alikuwa na kovu hapa?" Akagusa nyusi yake.

"Hapo hapo."

Mbah aliinuka, akaenda ndani, akarudi na kanga kuukuu, na bila kuomba ruhusa akamfunga yule binti wa muuza kashata kiunoni ili gauni lake zuri lisichafuke.

*

Saa kumi wanaume walikuja na saruni zao na kofia zao nyeusi, wakaketi mikekani, wameelekea magharibi. Imron alisimama mlangoni hajui aweke wapi miguu. Alimtazama shangazi yake.

"Nenda ukakae," Shangazi akamwambia. "Kuketi na watu hakukugeuzi. Chunga adabu zako."

Yeye mwenyewe alibaki kwenye benchi la jikoni, nje ya dua, kama imani yake ilivyomtaka, na hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amefungua kitambaa mdomoni. Jarmi alimletea maji. Aliyapokea, akayashika bila kuyanywa.

"Sijui nimepika nini," akasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, hivi ndivyo mnavyofanya kila mara? Mnapika bila kujua?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mna roho ngumu nyinyi."

Dua ikaisha. Sahani ya kwanza ikawekwa mahali pa marehemu, na ya pili, kwa desturi, ikaletwa kwa mjane. Mbah Paikem alikaa jikoni na sahani yake, mbele ya wanawake wote. Akachambua nyama kwa vidole, akachovya wali kwenye mchuzi, akala. Akatafuna. Shangazi Robiah alikuwa amesimama, ameshika kiuno, akingoja.

Mbah akachukua tonge la pili. Machozi yakaanza kumshuka, naye hakuyafuta, akaendelea kula.

"Sarpin angeomba nyongeza," akasema.

Shangazi aliketi ghafla. Akacheka, akalia, akajipangusa kwa ile kanga kuukuu. Kisha akaweka mikono yake vizuri mapajani, akavuta pumzi, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumza mambo makubwa.

"Mama Paikem. Huyu binti yako alizaliwa siku gani?"

Imron, aliyekuwa anaingia na sahani tupu, aliganda mlangoni. Katika nyumba za magharibi hakuna anayeuliza siku ya binti kwa kupiga soga. Siku ya wiki ina namba yake, na siku ya wiki ya Kijava, ile ya siku tano, nayo ina namba yake. Za mwanamke hujumlishwa na za mwanamume, zikagawanywa kwa nane, na kinachobaki ndicho kinachosema kama ndoa itakaa. Anayeuliza siku amekuja kuposa. Na aliyeuliza alikuwa mwanamke wa mashariki, asiyeamini hata kidogo kuwa Mungu hufunga ndoa za watu kwa kujumlisha.

"Jumatano Pon," Mbah akajibu polepole. "Na kijana wako? Lakini nyinyi hamzitunzi siku."

"Jumanne Kliwon."

"Shangazi!" Imron akasema. "Ulikuwa unaijua?"

"Bibi yako aliihesabu siku uliyozaliwa. Baba yako akasema mambo hayo yasitajwe nyumbani kwake, nasi hatukuyataja." Shangazi hakumwangalia. "Lakini hakuniambia nisahau."

Mbah Paikem alinyanyua mkono wa kushoto, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole vyake, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Jarmi hakuweza kuvumilia. Mbah mwenyewe ndiye aliyemfundisha hesabu hiyo tangu ana miaka tisa. Alificha mkono nyuma ya mgongo na kidole chake kikatembea. Zangu kumi na nne. Zake kumi na moja. Ishirini na tano. Toa nane, toa nane, toa nane tena.

Ikabaki moja.

Akarudia. Ikabaki moja. Moja ni kutengana. Kwa ajili ya hiyo moja Mbah alishawarudisha wasichana wanalia kutoka kwenye baraza ya nyumba hii, na hakuna machozi yaliyowahi kumlegeza, hata ya binti yake wa kumzaa. Jarmi alimtazama Imron, amesimama pale na sahani yake, na manyoya bado kichwani, anatabasamu kwa matumaini kwa sababu hajui kuhesabu.

Kidole cha Mbah kilisimama. Alikaa akiutazama mkono wake, kwa muda mrefu. Halafu aliinua macho kwa Imron. Kisha kwa Jarmi, na macho yao yakakutana.

"Imebaki tatu," Mbah Paikem akasema. "Wanafaa."

"Alhamdulillahi!" Shangazi Robiah akapiga makofi, na Wagirah akapiga vigelegele mpaka wanaume wakachungulia kutoka mikekani.

Jarmi hakusogea. "Mbah..." akasema. "Mbah, imebaki..."

"Imebaki nini? Leo utanifundisha mimi kuhesabu?"

Alikuwa na uso uleule mkavu wa siku zote. Ila mkono wake wa kushoto alikuwa ameufumba ngumi, na aliushikilia kifuani.

"Hapana, Mbah," Jarmi akasema huku akilia.

"Basi usikae hapo kama sanamu. Mletee mchumba wako maji anawe, aje ale."